Mzee wa Matangi Matatu

Jina lake sitalitaja. Ana watoto, na wawili kati yao hunisalimia mpaka leo tukikutana mtaani Umoja, nao hawakunikosea chochote. Kiwandani aliitwa Mzee wa Matangi. Vijana wa kupakia mizigo walimwita Buda, yaani baba kwa lugha ya mtaani, lakini si mbele yake.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye koti la bluu lililotobolewa na asidi mpaka likawa kama chujio, na gambuti zilizomfika magotini. Alitembea kando ya matangi yake akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza jirani akizungumza nyuma ya ukuta. Mwanzoni nilidhani ana shida ya sikio. Baadaye nikajua kwamba kweli alikuwa anasikiliza: pampu ikianza kuchoka aliijua kwa mlio kabla fundi wa umeme hajajua.

Niliajiriwa mwaka wa tisini na moja, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya maabara. Kiwanda kilikuwa Baba Dogo, upande wa mtoni, na kilitengeneza mabati, ndoo na nyaya za ua. Nilitarajia kuvaa koti jeupe. Badala yake nilipelekwa nyuma kabisa, kwenye kibanda cha mabati chenye meza moja, rafu ya chupa na dirisha linalotazama matangi matatu ya saruji. Mzee alinitazama viatu vyangu vya ngozi, akaingia stoo, akatoka na gambuti za mwanamume aliyeacha kazi. Zilikuwa kubwa. Akanikunjia karatasi za mifuko ya saruji za kuweka kwenye vidole, akapiga magoti chini kunivisha mwenyewe, mtu wa umri wa baba yangu. Hayo ndiyo mambo yaliyofanya iwe vigumu baadaye.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Chuma huja kiwandani na kutu. Ili zinki ishike, kutu lazima itoke, na kinachoitoa ni asidi. Kwa hiyo chuma kilitumbukizwa kwenye birika kubwa la asidi, kikasuuzwa kwa maji mara mbili, ndipo kikapelekwa kwenye zinki iliyoyeyuka. Maji ya kusuuzia ndiyo yaliyokuwa kazi yetu. Yaliteremka kwa mtaro yakiwa makali, yenye harufu ya kukwaruza koo. Kwenye tangi la kwanza tuliyatia chokaa ili kuua ukali. Kwenye la pili yalikorogwa polepole mpaka uchafu ukashikana madonge madonge kama uji ulioharibika. Kwenye la tatu yaliachwa yatulie. Tope lilizama, maji ya juu yakabaki maangavu, na hayo tu ndiyo yaliyoruhusiwa kwenda mtoni. Tope lilianikwa, na likikauka lilibebwa na lori.

Alinifundisha kupima kwa vikaratasi vinavyobadilika rangi. Kikiwa chekundu, maji bado ni makali. Kikiwa kijani, fungulia. Kikiwa bluu, umetia chokaa kama mtu anayepaka nyumba rangi, na hilo pia ni kosa. Hakupenda mtu mwenye haraka. Meneja akipiga simu kuuliza kwa nini tangi la tatu limejaa, Mzee alinong'ona pembeni, "Mwambie maji yanatulia. Akitaka, aje ayaharakishe yeye." Nami nilimwambia meneja maneno ya kwanza tu.

Alikuwa na kitabu cha zamani cha kemia, kisicho na jalada, alichookota sijui wapi. Saa ya chakula tulisoma pamoja. Alisoma Kiingereza kwa taabu, kidole kikifuata mstari, lakini akishaelewa jambo alilieleza kwa Kiswahili kiasi kwamba hata mpishi wa kantini angeweza kulirudia. Sijawahi kupata mwalimu mwingine kama yeye, na nilisoma shule nzuri.

Kuhusu ujasiri wake, nitasema niliyoyaona. Siku moja kijana wa kwenye birika aliteleza, mkono ukazama kwenye asidi mpaka kwenye kiwiko. Watu walipiga kelele, wakarudi nyuma. Mzee alikimbia kutoka kwenye matangi, akamshika yule kijana kiunoni, akamburuta mpaka kwenye bomba, akaushikilia ule mkono chini ya maji muda mrefu sana, kijana akilia na kumpiga mateke. Asidi iliyokuwa kwenye nguo ilimchubua Mzee viganja vyote viwili. Kesho yake alikuja kazini na mikono ya bandeji. Meneja alipotaka kazi ya birika iendelee, Mzee alikwenda akaketi pale ukingoni, juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema kazi itaanza vyuma vya kuzuia watu vikishawekwa. Hakupandisha sauti. Aliketi mpaka saa saba, fundi wa kuchomelea akaja. Tangu siku hiyo niliamini kwamba hapa duniani kuna mtu mmoja asiyemwogopa mwenye kiwanda.

Nyumbani kwake Umoja palikuwa mistari miwili ya nyumba kutoka chumba nilichopanga. Nyumba ilikuwa imeongezwa vyumba viwili mbele, na mkewe aliuza sabuni na mafuta ya taa kwenye dirisha. Nilipougua malaria, Mzee na mkewe ndio walionipeleka kliniki, mmoja kila upande, na mama yule aliniletea uji siku nne mfululizo. Kanisani Mzee alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa mkali kuliko kiwandani. Sauti moja ikiteleza alisimamisha wimbo mzima, akamwangalia mwenye kosa mpaka yule mtu akajitaja mwenyewe. Jumapili moja kila mwezi aliondoka mara tu ibada ya kwanza ilipokwisha, hata chai hakungoja, na mchungaji aliwahi kumsifu mbele ya watu wote kwamba ndugu yetu huyu huenda kutazama wagonjwa.

Sasa nimtaje senje wangu. Senje ni dada ya baba, kwa lugha ya kwetu magharibi. Yeye na mumewe, aliyekuwa mtu wa reli, walinilea Kaloleni tangu nikiwa darasa la tatu. Mumewe alipofariki nyumba ilirudishwa, naye akahamia Dandora, akapata kipande cha ardhi kando ya mto. Hakikuwa chake wala cha mtu mwingine pale. Kila mama alikuwa na mistari yake, na mipaka waliijua wenyewe. Alilima sukuma wiki, mchicha na nduma. Alinyweshea kwa maji ya mto, kwa ndoo na vijifereji, akitembea peku kwenye matope kwa sababu viatu vinakwama. Kila mwisho wa mwezi alinipa mafungu mawili ya sukuma, moja langu na moja la "yule mzee anayekuangalia." Nilimpelekea Mzee. Alilipokea kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu na senje wangu.

Mwaka wa tisini na nne kiwanda kiliongeza birika la pili. Kazi ikawa ya zamu mbili. Matangi yalibaki matatu. Nilimwuliza Mzee kama yatatosha, akasema ameshazungumza na wakubwa, wamepanga vizuri. Nikaridhika. Kuanzia wakati huo pia alianza kuniambia niandike mimi vipimo kwenye kitabu. "Macho yangu yanaanza kunisumbua," alisema, "na mkono wako ni mzuri." Asubuhi nilipofika alikuwa ameshapima, akanitajia namba, nikaandika. Sikuona ubaya wowote. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima. Ningeanzaje kumpima yeye?

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, jua likiwa kali na mto umepungua, mboga za akina mama wa Dandora ziliungua. Hazikukauka kama mimea iliyokosa maji. Majani yalipata madoa ya kahawia, yakajikunja, mistari mizima, na kwenye vijifereji palibaki utando wa rangi ya kutu. Baadhi yao walianza kuwashwa miguu. Walipanda na mto mguu kwa mguu, wakitazama mabomba yanayoingia, mpaka wakafika nyuma ya kiwanda chetu. Asubuhi ya Jumatatu walikuwa langoni, kama wanawake thelathini, na beseni za sukuma zilizoungua vichwani. Senje alikuwa mmoja wao. Aliponiona nikiingia hakuniita. Alisogea tu kando ili nipite.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee. Nilimwambia kwamba mmoja wa wale ni senje wangu, mama yangu kabisa, na nikamwuliza kama kuna jambo lolote, hata dogo, ninalopaswa kujua. Aliweka mkono begani kwangu. Alisema juu yetu kuna viwanda vingine vingi, cha rangi, cha ngozi, cha betri, na kila kimoja kinamwaga kinachotaka usiku na mchana, lakini mtu huonwa mwizi kwa sababu mlango wake uko karibu na barabara. Akaniambia nikague matangi mwenyewe. Nilikagua. Kikaratasi kilikuwa kijani.

Chifu aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa moja karibu na kiwanda. Meneja alikuja, afisa wa baraza la jiji akaja, akina mama wakajaa viti na wengine wakasimama ukutani. Waliongea kwa uchungu lakini kwa mpango. Mmoja wao, mama wa Kikamba mwenye kiduka cha kuni, alionyesha miguu yake na kusema, "Sisi hatutaki pesa ya mtu. Tunataka kujua hii maji ni ya nani."

Mzee alisimama. Alikuwa amevaa koti lake lile lenye matundu, akasema yeye si mtu wa maneno, ni mtu wa kazi. Kisha akanigeukia, akaniomba kwa upole nilete jagi aliloliacha kwenye meza ya kibanda, maji aliyoyachota asubuhi kutoka tangi la tatu. Nikaenda. Kutoka ukumbini mpaka kiwandani na kurudi ni mwendo wa dakika kumi, na nililibeba lile jagi kwa mikono miwili, nikiangalia lisimwagike. Nilijivunia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alimimina glasi, akanywa yote. Akamimina ya pili, akanywa, akajifuta masharubu. Kisha akauliza kama kuna mama yeyote ambaye angependa kuonja. Hakuna aliyesogea. Wanawake walinitazama mimi niliyeshika jagi, si yeye. Ndipo senje akasimama. Aliwaambia wenzake, "Huyu ni mtoto wangu. Kama ni yeye ameleta, mimi nitakunywa." Akanywa, akanirudishia glasi, akaketi. Mkutano uliisha hivyo. Chifu alisema mambo yamekuwa wazi, afisa wa jiji akafunga faili yake, na akina mama wakarudi mtoni wakaanza kupanda upya.

Miguu ya senje ilitoboka vidonda mwezi wa nne. Vilianzia kati ya vidole, vikapanda mpaka kwenye kifundo. Muuguzi wa kliniki alimwuliza alikuwa anakanyaga nini. Alijibu kwamba anakanyaga maji ya mto, ila ameambiwa ni safi.

Nilichogundua nilikigundua kwa bahati tu. Ijumaa moja nilisahau kurudisha ufunguo wa kabati la maabara. Ulikuwa ndani ya mkoba wangu. Jumatatu tulitarajia wakaguzi asubuhi na mapema, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nikaamua kuupeleka. Askari wa lango alinishangaa. Aliniambia leo si siku ya watu, halafu akaniruhusu kwa sababu tunafahamiana.

Kulikuwa na bomba jingine ambalo sikuwahi kulijali. Tuliliita la mvua. Lilianzia kwenye mabirika, likapita chini ya ukuta wa nyuma bila kugusa matangi, na kazi yake, nilivyoambiwa, ilikuwa kupitisha maji ya mvua ua usifurike. Siku ile jua lilikuwa linawaka. Mzee alikuwa ameinama kwenye gurudumu la vali ya lile bomba. Alivaa suti yake ya kanisani, ya kijivu, suruali imechomekwa ndani ya gambuti, tai ametupia begani isichafuke. Birika la kwanza lilikuwa linashuka. Asidi ikitumika sana huchoka, hujaa chuma, hugeuka kijani kama chupa ya soda, na lazima ibadilishwe. Kuitibu hiyo kunahitaji chokaa nyingi sana na siku kadhaa za kungoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikienda mtoni, nzima nzima, bila hata kikombe cha chokaa.

Aliniona. Hakuruka wala hakujaribu kufunga. Alisema tu nisogee nyuma, mvuke ni mbaya kwa kifua.

Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu birika la pili lije. Alieleza bila kuficha, kama tulivyokuwa tukisoma kile kitabu. Alikuwa ameomba tangi la nne na chokaa zaidi. Mwenye kiwanda alimwambia achague, ama njia ya Jumapili ama zamu ya pili ifungwe na watu waende nyumbani, na wa kwanza awe yeye. Alisema siku nyingine zote anayatibu maji vizuri kabisa, nami ni shahidi. Alisema mto wenyewe umeshakufa zamani. Yote hayo niliyasikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Nilikuwa na swali moja.

"Na yale maji ya jagi?"

"Ya bomba la jiji," alisema. "Nilichota kantini."

"Kwa nini ulinituma mimi?"

Alifikiri kabla ya kujibu. Mpaka leo natamani angedanganya.

"Kwa sababu wewe ulikuwa unaamini," alisema. "Mtu mwingine angeonekana usoni."

Akarudi kwenye vali yake. Bado kulikuwa na nusu ya birika.

Jumanne nilikwenda ofisi ya yule afisa wa jiji, nikaeleza kila kitu, nikaweka sahihi. Alinisikiliza kwa heshima na kuniandalia kiti. Jumatano mchana niliitwa kwa meneja. Karatasi yangu ilikuwa juu ya meza yake. Mzee alikuwa ameketi pembeni, kofia juu ya magoti, na kitabu cha vipimo kikiwa wazi mbele ya meneja. Meneja akamwuliza nani anayeandika humu. Mzee akasema, "Ni yeye. Huu ni mwaka wa pili sasa. Mimi macho yangu si mazuri, nilikuwa nikimtegemea." Akauliza tena kama Mzee aliwahi kuona jambo lolote lisilo sawa kwenye matangi. Mzee akasema hapana, labda msichana hakuelewa kazi ya bomba la mvua. Bado ni kijana, anajifunza. Alizungumza taratibu, karibu kwa upendo, akiangalia kalenda iliyokuwa ukutani.

Nilisubiri aniangalie mimi. Kila ukurasa ulikuwa na mwandiko wangu, ule mzuri. Nikaambiwa nina bahati, hawatanipeleka polisi kwa kughushi vipimo. Askari aliyenifungulia Jumapili ndiye aliyenisindikiza langoni, na vijana wa kupakia mizigo waligeukia mizigo yao nilipopita. Mmoja tu, yule wa mkono ulioungua, aliyehamishwa kutoka kwenye birika, aliniambia chinichini, "Pole, madam. Sisi wote tulikuwa tunajua."

Hilo nalo nililibeba mpaka Umoja.

Siku chache baadaye mke wa Mzee alikuja chumbani kwangu akilia. Hakuja kutetea mtu. Alisema amesikia, na kuna jambo limemkaa moyoni. Yale mafungu ya sukuma niliyokuwa nikiwaletea, tangu kazi iwe ya zamu mbili mumewe hakuruhusu yapikwe hata mara moja. Alimwambia awape kuku, na baadaye, kuku walipochinjwa, akakataa kula kuku. Mboga zao zilinunuliwa soko la mjini. Yeye mwenyewe alidhani ni mambo ya tumbo. Mimi nilikuwa nimezila zile mboga miaka yote. Alijua nakula, kwa sababu chakula chetu cha mchana tulikipasha moto kwenye jiko moja.

Kumweleza senje ndiko kulikonishinda kwa wiki nzima. Hatimaye nilikwenda. Alikuwa ameweka miguu ndani ya karai la maji ya chumvi. Nilisema yote, la vali, la kantini, la kitabu. Nilipomaliza alitoa miguu majini, mmoja halafu mwingine, akaifuta.

"Mimi sikumwamini huyo mzee," alisema. "Sikumjua. Nilikunywa kwa sababu yako."

Tukakaa karibu mwaka bila yeye kunitaka nyumbani kwake. Shamba la mtoni aliliacha. Vidonda vilifunga, lakini mguu wa kushoto ulibaki mzito, na akawa hatembei bila fimbo. Halafu siku moja alimtuma mtoto wa jirani aniambie mahindi yamefika kutoka nyumbani, kuna magunia ya kupukuchua, nije. Nilikwenda. Tulipukuchua mpaka vidole vikauma, tukizungumzia bei ya mahindi, na ndivyo tulivyorudiana. Hatukulitaja lile jambo.

Miaka ilipita. Nilipata kazi ya maabara katika shule moja ya sekondari, kuosha mirija na kupanga chupa. Walimu walinisifu kwamba wanafunzi wananielewa kuliko wanavyowaelewa wao. Sikuwaambia nimejifunzia wapi.

Mwaka wa tisini na tisa, Jumamosi alasiri, nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta Mzee wa Matangi. Alikuwa amekonda. Alipumua kwa kifupi, akisimama kila baada ya maneno matano, na viganja vyake vilikuwa bado na ile ngozi laini ya kovu. Nilimkaribisha. Sijui ningefanya nini kingine. Alikuwa mzee, na alikuwa amesimama mlangoni. Alieleza kwamba kiwanda kilimstaafisha na kijana mwingine amewekwa. Akauliza kazi yangu, akafurahi kusikia ni ya maabara. Alifurahi kweli, hilo sikuweza kumnyima.

Kisha akafika alipokuwa anakwenda. Kanisa lilitaka kumweka kuwa mzee wa kanisa. Lakini kuna watu walionong'ona, mambo ya zamani ya kiwandani, na mchungaji alitaka kusikia kutoka kwangu. Aliniomba nije Jumapili, nisimame dakika moja.

"Sema tu hatukuelewana," alisema. "Watu wanakuamini wewe."

Nilishangaa kwamba sikukasirika. Nilichosikia ni uchovu. Nikamwambia sawa, nitakuja, nitasimama, nitasema tumeshapatana, kwa sharti moja. Senje wangu anakaa Dandora, si mbali. Twende kwake sasa hivi, amweleze yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kama alivyonieleza mimi ile Jumapili. Akimsamehe yeye, mimi sina neno.

Akachukua kofia yake. "Ni haki," alisema. "Twende."

Tulikwenda polepole kwa sababu ya kifua chake. Njiani aliniuliza habari za shule, kama wanafunzi wanavaa miwani ya kuzuia asidi, nikasema iko sita tu na wanafunzi ni arobaini. Akatikisa kichwa. Kwa dakika kadhaa tulikuwa kama zamani, na nakiri kwamba moyo wangu ulianza kupanga maneno ya kumtetea mbele ya senje.

Tulipofika madukani, hatua chache kutoka kwake, Mzee alisimama. Alisema si vizuri kumfikia mama wa watu mikono mitupu. Mimi nitangulie nimwambie kuna mgeni, yeye atanunua mkate na majani ya chai, anakuja nyuma yangu. Nilimwonyesha mlango, ule wa kijani, wa tatu kutoka kwenye kona. Aliuangalia vizuri, akasema ameuona.

Senje alikuwa amekaa nje akichambua mchele. Nilimwambia nina mgeni, anakuja. Aliuliza nani, nikasema atamwona. Akainuka na fimbo yake, akaweka sufuria jikoni, maji na maziwa ya watu watatu, akafuta kiti kimoja kwa leso na kukiweka karibu na mlango, mahali penye hewa.

Tulingoja. Chai ilichemka, akaipunguzia moto. Niliporudi mpaka kwenye kona sikumwona mtu. Mwenye duka alisema ndiyo, kuna mzee mmoja mwenye kofia, hakununua kitu, aliuliza tu gari za kurudi Umoja zinasimama wapi.

Senje alikuwa ameshatoa vikombe. Alinitazama nikirudi peke yangu, akatazama na njia nyuma yangu.

"Mgeni wako amepotea?" aliuliza.

"Hapana, senje," nikasema. "Mlango nilimwonyesha."

Akarudisha kikombe kimoja kabatini, akanimiminia chai.